Uvimbe wa Ubongo Unaokua Polepole: Kungojea Si Kupuuza

Mtu mzima akianguka kifafa kwa mara ya kwanza, wengi husema amerogwa. Sisi wauguzi tunasema apelekwe hospitali akapigwe picha ya kichwa. Mara nyingine chanzo ni uvimbe wa ubongo wa daraja la chini, yaani unaokua polepole, pengine kwa miaka mingi.

Baada ya picha, daktari anaweza kusema, "Tutaendelea kuangalia." Hapo ndipo familia hukosea. Baba mmoja tuliyemhudumia alijisikia vizuri, akaacha dawa za kifafa, na hakurudi kliniki kwa miaka miwili. Aliporudi aliletwa kwa machela, mkono na mguu wa kulia havina nguvu.

Je, kungojea ni vibaya? Tuangalie utafiti. Nchini Norway walilinganisha hospitali mbili, wagonjwa 153. Moja ilipendelea kuchukua kipande cha uvimbe ili kukipima, kisha kungojea. Ya pili ilipendelea kuondoa uvimbe mapema. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2012 yalionyesha kwamba baada ya miaka 5 walikuwa hai 60 kati ya kila 100 katika ile ya kwanza, na 74 katika ya pili. Kwa hiyo, daktari bingwa akisema upasuaji unawezekana, tusiukimbie.

Mionzi ni habari nyingine. Utafiti wa Ulaya ulioanza mwaka 1986 ulionyesha kwamba mionzi ya mapema ilichelewesha uvimbe kukua tena na kupunguza kifafa. Lakini waliongojea mionzi mpaka uvimbe ulipoanza kukua waliishi karibu muda uleule. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha vidonge vya vorasidenib kwa baadhi ya wagonjwa hawa baada ya upasuaji. Navyo huchelewesha uvimbe, haviufuti.

Maoni yetu ni haya: kungojea kwa kufuatiliwa ni sehemu ya matibabu; kungojea bila tarehe ni kupuuza. Kabla ya kuondoka hospitalini mwulizeni daktari: Picha inayofuata ni lini? Dalili zipi zituharakishe kurudi? Kifafa kikiongezeka, kichwa kikiuma kwa namna mpya pamoja na kutapika, mkono ukilegea au maneno yakipotea, msingoje tarehe.

Dawa za kifafa zisiachwe bila ushauri wa daktari. Picha za zamani zitunzwe mahali pakavu na ziletwe kila safari. Uvimbe huu hukua kidogo kidogo. Picha ya leo ikilinganishwa na ya mwezi wa nyuma tu, huenda tofauti isionekane. Ikiwekwa kando ya ile ya kwanza, ukweli hujitokeza.

Tunajua nauli na gharama ya kipimo ni mzigo. Basi jumuiya zetu, ambazo huchanga upesi sana kwa ajili ya mazishi, zijifunze kuchanga mapema, mgonjwa angali anatembea.