NAMBA TASA SI DALILI YA UTUME



Ndugu zangu, hapa Tukuyu na Rungwe nzima Waislamu ni wachache, na vijana wetu huulizwa shuleni: "Dalili yenu iko wapi?" Wapo wanaokimbilia muujiza wa 19: sura 114 ni 19 × 6, herufi za Bismillahi kamili zinavyoandikwa ni 19, na 19 ni namba tasa, basi Qur'ani imethibitika! Kijana wangu, usiegemee fimbo iliyoliwa na mchwa.

Namba tasa ni nini? Ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mikungu 18 ya ndizi utaipanga mafungu sawa mawili, matatu au sita. Ongeza mmoja, iwe 19: haipangiki tena. Hiyo ni sifa ya namba, si wahyi.

Na namba tasa hazina mwisho. Euclid alithibitisha hilo zaidi ya miaka 800 kabla ya kuzaliwa Mtume ﷺ. Oktoba 2024 ilitangazwa kubwa kuliko zote zinazojulikana: chukua 2 zipatazo 136,279,841, zizidishe zote pamoja, kisha toa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Ukiandika moja kila sekunde bila kulala, ni karibu siku 475! Aliyeigundua, Luke Durant, hakudai utume.

Hata kwenye namba za tarakimu 100, takriban moja katika kila 230 ni tasa. Basi anayeunganisha namba za sura na aya huku na huku mpaka apate namba tasa ndefu, hajaona muujiza. Amejaribu mara nyingi tu.

Sasa tazama madhara yake. Rashad Khalifa, Mmisri aliyeishi Tucson, Marekani, ndiye aliyeieneza hesabu hii ya 19 tangu miaka ya 1970. Hesabu ya jina "Allah" ilipomgomea, alizikana aya mbili za mwisho za Suratut Tawba, ya 128 na 129, na akadai yeye ni mjumbe wa Mungu. Bila aya hizo alipata 2698, yaani 19 × 142. Kwa hesabu yake hiyo hiyo, pamoja nazo ni 2699.

Na 2699 ni nini? Ni namba tasa! Alitupa maneno ya Allah kwa ajili ya 19, na namba aliyoikimbia ilikuwa na sifa ile ile.

Utasema: "Suratul Muddathir imetaja kumi na tisa." Ndiyo, aya ya 30. Soma na ya 31: ni Malaika wa motoni, na idadi yao imefanywa mtihani kwa waliokufuru. Haikufanywa kikokotoo cha kupunguza aya.

Kijana, hesabu isome kwa bidii, ni elimu yenye manufaa. Ukiulizwa dalili, eleza tawhidi, eleza sira ya Mtume ﷺ, eleza namna Qur'ani ilivyohifadhiwa vifuani tangu zama za Masahaba. Imani iliyotundikwa kwenye namba huanguka siku namba ikigoma.

Allah atuthibitishe katika haki. Aamin. Mfikishie na mwenzako.

Wallahu a'lam.