Bwana Msa Anauliza Kwanza



Vitabu vya nyumba ya muchungaji munavijua hata mbele ya kuingia: Biblia, maelezo ya Biblia, kitabu cha nyimbo, ushuhuda wa wamisionere. Ni chakula kizuri. Lakini nani anakula bugali na sombe siku zote saba? Mwezi huu ninawaletea kitabu cha namna ingine kabisa, riwaya ya upelelezi, ndiyo hadithi ya mtu anayetafuta nani aliua. Niliisoma kwa furaha, na saa niliyozima taa sitaitaja hapa.

Jina lake ni Mzimu wa Watu wa Kale, ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Ilipata zawadi ya kwanza katika shindano la hadithi za Kiswahili la mwaka 1957-58, ikachapwa 1960. Mbele ya kuandika magazeti, mtu huyu alikuwa mukaguzi katika idara ya afya. Mupelelezi wake, Bwana Msa, anavuta kiko (vijana, hiyo muiache mule mule ndani ya kitabu) na ni kama ndugu ya Sherlock Holmes, yule wa Conan Doyle, aliyekuwa munganga.

Maiti inapatikana pahali pa mzimu, pale watu wanaogopa kupita. Kwa wengine jibu ni tayari: mizimu imefanya kazi yake. Bwana Msa hakubali haraka. Anatembea, anaangalia, anauliza maswali madogo madogo.

Mutaniuliza: muchungaji, sisi tulio na maiti za kweli, tutafanya nini na hadithi za kuuana? Swali ni la haki. Tangu Oktoba 2014 eneo la Beni limezika watu wengi mno, na sipendi mtu acheze na damu. Lakini muangalie ginsi tunavyoishi. Shimo la zahabu likianguka, kesho yake tunasikia jina la mama muzee fulani, eti ni mulozi. Hakuna anayeuliza kama miti ya kushikilia udongo iliwekwa, ao kama mvua ilinyesha usiku kucha. Wakati wa Ebola, tangu tarehe 1 Agosti 2018 mpaka 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa, na uvumi ulitembea mbio kuliko moto za taksi. Tarehe 19 Aprili 2019, watu wenye silaha waliingia hospitali hapa Butembo, wakamuua Doktere Richard Mouzoko, munganga kutoka Kameruni aliyekuja kusaidia.

Sasa katika riwaya, wewe kijana unamuzania huyu, kurasa hamsini mbele unaona haikuwa yeye. Umehukumu vibaya, na hakuna nyumba iliyochomwa. Zoezi la namna hii tutalipata wapi kwingine kwa bei ndogo vile?

Wengine watasema hadithi ya kutunga ni uongo. Basi musafiri wa John Bunyan, tunayemupenda tangu 1678, alikuwa nani? Na wandugu zetu Wakatoliki wanayo katika Biblia yao habari ya Susana: Danieli aliwatenga wale wazee wawili, akamuuliza kila mumoja ni chini ya muti gani. Kama huo si upelelezi, ni nini?

Kiswahili chake ni cha pwani, kurasa za kwanza zitawachosha. Musome wawili wawili, kwa sauti. Mukifika katikati mufunge kitabu, kila mumoja aandike kwenye karatasi jina la yule anayemuzania ni muuaji, na karatasi zikae kwa mama mpaka ukurasa wa mwisho. Kwetu tulikuwa watu sita, tukaandika majina matano.