Mwanao ni mhandisi wa programu, lakini analala?

Wiki hii tuzungumze kuhusu kijana aliyesomea kompyuta, pengine hapa hapa SUA au Mzumbe, akaajiriwa na kampuni ya siku nyingi jijini, na sasa kila akija likizo Morogoro analala mpaka saa sita mchana, simu ikiwa chini ya mto.

Majirani wanaona ana kazi ya kukaa tu. Habebi tenga la kabichi kutoka Mgeta, halowi mvua. Mjomba aliyemlipia ada, na kwa Waluguru neno la mjomba ni zito, anauliza mbona hajapanda cheo wala hajaanza kujenga. Kijana ananyamaza. Nimezungumza na kadhaa wa rika langu wanaofanya kazi hii, na wengi wananyamaza kwa sababu hawajui waanzie wapi kueleza. Naomba niwaeleze kwa niaba yao.

Kampuni changa ya teknolojia huanza upya kabisa. Kampuni ya zamani ina mifumo iliyoandikwa kabla kijana huyo hajamaliza darasa la saba. Walioiandika wamestaafu, maelezo yake yamepotea, na wateja bado wanaitegemea kila siku. Fikirieni TTCL, iliyoanza kazi mwaka 1994 enzi za simu za mezani, na leo inaendesha Mkongo wa Taifa wa mawasiliano. Huduma kama hiyo haifungwi miaka miwili ili watu wajenge upya. Inabadilishwa huku inafanya kazi.

Hata Marekani wanayo hali hiyo. COBOL, lugha ya kompyuta iliyobuniwa mwaka 1959, bado inatumika kwenye benki nyingi duniani. Aprili 2020, maombi ya mafao ya waliopoteza ajira yalipofurika kwa sababu ya korona, gavana wa jimbo la New Jersey aliomba hadharani watu wanaoijua lugha hiyo wajitokeze kusaidia.

Kwa hiyo mwanenu hajaachwa nyuma na wenzake. Wakulima wa milimani watanielewa. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Uluguru kuchimba matuta ya aina mpya. Udongo wa huko ni mwembamba, hivyo udongo usio na rutuba ukaletwa juu, na mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo. Kilimo cha ngazi cha Mgeta, cha asili, kilibaki. Anayetunza mfumo wa zamani naye hujifunza kujua kilicho chini kabla ya kuchimba.

Kinachoumiza ni usiku. Marekebisho hufanyika wateja wakiwa wamelala. Kijana akiwa zamu na mfumo ukakwama saa nane usiku, anapigiwa yeye, na asubuhi anatakiwa kazini kama kawaida. Usiku ambao hapigiwi, bado analala akisikilizia simu.

Mtu mzima anahitaji usingizi wa angalau saa 7. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi kubwa kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Kuna pia uchovu wa kazi uliopitiliza, ambao Shirika la Afya linautaja kuwa hali itokanayo na msongo wa kazi wa muda mrefu. Dalili zake ni kuishiwa nguvu, kuichukia kazi, na kushindwa kazi aliyokuwa akiimudu. Wengi nyumbani huiita dharau au uvivu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, malipo ya saa za ziada yasiyopungua mara moja na nusu, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Walio ngazi ya uongozi wana utaratibu wao kuhusu saa za kazi, lakini mhandisi wa kawaida analindwa. Mkumbusheni asome mkataba wake: zamu za usiku zinahesabiwaje?

Akija nyumbani, mwacheni alale siku mbili za kwanza kabla ya vikao vya ukoo. Kisha badala ya kuuliza cheo, muulizeni: wiki hii umeamshwa usiku mara ngapi? Mko wangapi mnaopokezana zamu? Akijibu kuwa yuko peke yake, hilo ni jambo la kumpelekea mkuu wake wa kazi, na anahitaji kusikia kutoka kwenu kwamba kulisema si utovu wa shukrani.

Akisema anataka kuhama, msimkatize kwa "kazi ni kazi". Kaeni naye mhesabu: ada za wadogo zake, akiba iliyopo, na kazi nyingine aliyoiona. Na akiwa halali hata usiku asiokuwa zamu, au anasema maisha hayana maana, msisubiri hesabu hizo. Mpelekeni hospitali wiki hiyo hiyo.

Tukutane wiki ijayo.