Biréli hakuzaliwa kuwa kivuli

Wiki hii nimesikiliza tena Routes to Django, albamu ya mwaka 1980, na bado sijazoea: anayepiga gitaa ni mtoto wa miaka 13. Biréli Lagrène, mzaliwa wa Alsace, mashariki mwa Ufaransa, anazicharaza nyuzi kwa kasi ya ajabu, lakini hakuna noti inayomezwa. Kila moja unaisikia wazi. Palepale watu wakamtawaza mrithi wa mpiga gitaa wa jazi Django Reinhardt, aliyefariki mwaka 1953. Sifa tamu hiyo, ila kanzu ya marehemu huvaliwa kwa heshima, haishonewi mwilini. Kijana akashika gitaa la umeme, akaingia kwenye jazi iliyochanganyika na roki, na mwaka 1986 akarekodi na mpiga besi Jaco Pastorius. Mimi naipenda zaidi albamu yake Gypsy Project ya mwaka 2001, alipomrudia Django kwa hiari yake, mtu mzima mwenye sauti yake. Angebaki pale alipowekwa utotoni, Ufaransa ingepata mwigaji hodari na kumkosa mwanamuziki. Enyi mnaolea vipaji, zisikilizeni albamu hizo mbili kwa mfululizo.