Mkato si Pumzi

Katika darasa moja la jioni la Kiingereza mtaani Jabe, Bujumbura, mwalimu aliwaambia wanafunzi wake, wengi wao wachuuzi wa sokoni, kwamba mkato huwekwa pale msomaji anapovuta pumzi. Wote wakanakili. Wamelipa ada, wafanye nini?

Imani hii imezagaa mashuleni, na ni upuuzi mtupu. Kama mkato ungekuwa pumzi, mwenye pumu angeijaza mikato barua yake yote, na Vénuste Niyongabo, aliyeipatia Burundi dhahabu ya Olimpiki ya mita 5,000 mjini Atlanta mwaka 1996, angeandika kitabu kizima bila hata mmoja.

Katika Kiingereza, maneno yakichomekwa katikati ya sentensi huwekewa mikato miwili, mmoja mbele na mwingine nyuma, kuonyesha kwamba yanaweza kung'olewa na sentensi ikabaki imesimama. Mchuuzi akiandika “My wife, who sells rice, is sick”, ana mke mmoja, naye huuza mchele. Akiifuta mikato hiyo, amejitangazia wake wengine wasiouza mchele. Sheria ya Burundi inakataza mitala, na hakimu hatamuuliza alivuta pumzi wapi.

Wapo wanaojitetea kwamba msomaji ataelewa tu. Haya, wakaiambie kampuni ya Rogers ya Kanada. Rogers iliamini kuwa mkataba wake wa nguzo za nyaya na kampuni ya Aliant haungevunjwa kabla ya miaka 5 ya kwanza kwisha. Lakini maneno ya kuongeza miaka 5 mingine yalizungukwa na mikato miwili. Mwaka 2006 mdhibiti wa mawasiliano aliyahesabu kuwa ya kuchomekwa tu, hivyo haki ya kuvunja mkataba kwa notisi ya mwaka mmoja ikaigusa hata ile miaka ya mwanzo. Rogers iliokolewa mwaka 2007 na nakala ya Kifaransa ya kiolezo cha mkataba, isiyokuwa na utata huo.



Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2014 sheria ikakifanya Kiingereza lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Wafanyabiashara wa Jabe watawekewa mbele mikataba ya Kiingereza waitie saini. Walimu waache hadithi za pumzi, wafundishe mikato miwili. Wakikataa, wanafunzi wadai ada yao.