Lugha ni Nyumba ya Msafiri

Darasani tunajifunza falsafa kwa Kiingereza. Bwenini tunataniana kwa Kiswahili. Lugha ya nyumbani tumeibakizia simu ya mama, na wengine wetu hata hapo tunaitikia kwa Kiswahili. Ndiyo maana habari za washairi wa Kiarabu walioishi mbali na makwao zimetugusa.

Mwaka 1920, huko New York, wahamiaji kutoka Lebanoni na Siria walikusanyika katika umoja wa waandishi ulioitwa Chama cha Kalamu. Mwenyekiti wake alikuwa Kahlil Gibran, mzaliwa wa Bsharri, aliyebatizwa katika Kanisa Katoliki la Wamaroni. Katibu alikuwa Mikhail Naimy, Mkristo wa Kiorthodoksi ambaye naye aliwahi kuwa mseminari, akisoma kwa Kirusi mjini Poltava. Kiingereza kiliwazunguka kila upande, lakini chama chao kilikuwa cha fasihi ya Kiarabu. Gibran aliandika pia kwa Kiingereza, na kwa lugha hiyo alitoa The Prophet mwaka 1923. Alipofariki mwaka 1931, mwili wake ulirudishwa Bsharri.

Mahmoud Darwish wa Palestina alikuwa mtoto tu mwaka 1948, familia yake ilipokimbia kijiji chao cha al-Birwa, Galilaya, nacho kikabomolewa. Baadaye aliishi Kairo, Beirut, Tunis na Paris. Kijiji cha kurudia hakikuwepo. Alikijenga tena kwa Kiarabu, ubeti kwa ubeti.

Wapo watakaosema lugha ni chombo tu, muhimu tuelewane. Tunakubali nusu. Gibran anatufundisha kwamba kuandika kwa lugha ya wengine si kuisaliti ya kwako. Kiswahili nacho kimetukusanya watu wa makabila mengi kuizunguka altare moja, na tunamshukuru Mungu. Lakini chombo hubadilishwa bila maumivu. Lugha uliyobembelezwa nayo haibadilishwi hivyo. Siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu angeweza kuwapa watu wote lugha moja. Hakufanya hivyo. Kila mmoja alisikia kwa lugha ya kwao, na katika orodha ya Matendo ya Mitume wa mwisho kutajwa ni Waarabu.

Hapa ndipo tunapojiuliza sisi mafrateri. Kesho, Mungu akipenda, tutakaa kwenye kitubio. Bibi atapiga magoti, atafute maneno ya Kiswahili ya kusemea dhambi na uchungu wake, ayakose. Mkimbizi naye atasali kimya kwenye benchi la nyuma. Tukiwa tumemsoma Aristotle lakini hatuwezi hata kumsalimu bibi huyo kwa lugha anayolilia, tutakuwa tumemfanya mgeni ndani ya nyumba ya Baba yake.

Basi likizo hii tuketi jikoni na wazee wetu, tujifunze upya Baba Yetu kwa lugha zao. Nanyi waamini, mkitusikia tunakosea matamshi, chekeni kidogo, kisha mturekebishe.