KULALA ZAMU NI KAZI



Kuna wenzetu wanaofanya kazi katika nyumba za vijana wasio na makao. Vijana hao si watoto tena. Wametimiza miaka 18, umri ambao kwa sheria ya Kenya utoto umekwisha, na wengi wametoka mitaani au katika makao ya watoto. Humo hupewa chumba, na mtu wa kuwaongoza katika kutafuta kitambulisho, kutafuta kazi, kupika na kuweka akiba, mpaka waweze kujitegemea.

Mchana kazi hii huonekana. Usiku haionekani. Mfanyakazi huambiwa, "Lala hapa, ukiitwa uamke." Basi kijana mmoja ana homa, mwingine amerudi amelewa, wa tatu amekamatwa na polisi saa nane ya usiku. Kukicha, mfanyakazi yule yule aanza kazi ya mchana. Mwisho wa mwezi akiuliza malipo ya usiku, tajiri humjibu, "Ulikuwa umelala."

Twauliza: bawabu akikesha langoni na mwizi asije, je, hukatwa mshahara? Hakatwi. Hulipwa kwa kuwa yupo. Mwenzetu naye yupo, wala hana ruhusa ya kwenda kwake kulala na jamaa zake. Usiku ule si wake.

Wengine watumaini korti peke yake. Na watazame Uingereza, ambako kazi za namna hii ni nyingi na Wakenya nao wamo. Huko mtunzaji mmoja wa watu wazima wenye ulemavu alidai mshahara wa kima cha chini kwa usiku kama huo. Machi 2021 Mahakama ya Juu ilikata kwamba saa za kulala hazihesabiwi, ila zile alizoamka kufanya kazi. Lakini haikumkataza tajiri kulipa zaidi. Pale sheria inapokoma ndipo mapatano huanza, na mapatano huletwa na chama.

Hapa kwetu Sheria ya Ajira ya 2007 yataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, saa za kazi zitajwe, na mfanyakazi apate siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Tudai usiku nao uandikwe, pamoja na malipo yake. Na kila mmoja aweke daftari: tarehe, saa aliyoamshwa, na sababu. Daftari hilo litasema mezani.

Matajiri husema hii ni kazi ya huruma na fedha za wafadhili ni chache. Huruma tunayo, lakini hainunui unga. Kodi ya nyumba wameiweka katika hesabu. Usiku wetu nao uwekwe. Tena vijana hawa wamekwisha kuachwa na watu wengi. Mfanyakazi akichoka akaenda zake, huyo ni mwingine aliyewaacha. Haki yetu ni faida yao pia.

Umoja ni nguvu.